Masoko ya Kyela na Ufukwe wa Nyasa: Vidokezo 8 kwa Mwenye Kikapu

Wengi wanaoshuka Kyela huwa na safari moja kichwani: kuoga Matema, kupiga picha Milima ya Livingstone, kisha kurudi Mbeya. Safari hiyo ni nzuri, lakini inayapita masoko, na masoko ya huku ni ya zamani kuliko nyumba yoyote ya wageni. Wakisi wa kando ya ziwa, Wanyakyusa wa bondeni na majirani wa ng'ambo ya Mto Songwe wamebadilishana vyungu, nafaka, ndizi na samaki kwa vizazi vingi. Siri ya masoko haya ni moja: kila kitu kina siku yake na mahali pake. Ukivijua hivyo viwili, utapata kilicho bora, na hela yako itafika kwa aliyekihangaikia.

1. Panga safari yako iikute Jumamosi

Jumamosi ni siku ya soko la vyungu Lyulilo, kijiji kilicho mashariki mwa Matema, mwendo mfupi kwa miguu ukifuata ufukwe. Vyungu hutoka Ikombe na vijiji vingine vya Wakisi vilivyobanwa kati ya mlima na maji. Huko ardhi ya kulima ni finyu mno, ndiyo maana tangu zamani wanawake wa Kikisi wamefinyanga na kubadilishana vyungu vyao kwa chakula cha wakulima wa bondeni. Fika asubuhi na mapema. Wachuuzi wanaopeleka mzigo Mbeya na kwingineko hununua kwa wingi, na wakishamaliza kuchagua unabaki na mabaki.

2. Kichunguze chungu kabla ya kufungua pochi

Chungu cha Kikisi kinajulikana kwa kuta zake nyembamba, wekundu wake na nakshi nyeupe. Kishike kwa mikono miwili, ukielekeze kwenye jua, uchungulie ndani: mwanga ukipenya mahali, kuna ufa. Kisha kigonge kwa kiungo cha kidole. Kizima hulia, kilichopasuka hutoa sauti butu. Pitisha kidole kuzunguka mdomo wote, maana hapo ndipo nyufa ndogo hujificha. Doa jeusi la moshi lisikutishe, ni alama tu ya kuchomwa kwenye moto wa wazi.

Ukifika nyumbani, kijaze maji kilale nayo usiku mzima. Kesho yake pika humo uji mwepesi kwa moto mdogo, na usikiweke kamwe kitupu juu ya moto mkali. Kwa safari, kifungashe kwa majani makavu ya mgomba, nje na ndani. Wauzaji wenyewe watakufungia ukiwaomba.

3. Ukiwa na siku ya ziada, nenda Ikombe kwenyewe

Kutoka Matema unaweza kwenda kwa mtumbwi. Patana nauli ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, na uondoke asubuhi. Mwenye mtumbwi akisema ziwa limechafuka tusubiri, subiri, maana Nyasa hubadilika haraka. Ukifika, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Mama akikuonyesha anavyokanda udongo, anavyoinua kuta na anavyosugua chungu hadi kiteleze, nunua kwake. Hiyo ndiyo shukrani inayoeleweka.

4. Mchele nunua mashineni

Jina la mchele wa Kyela limesambaa nchi nzima, na kwa sababu hiyo mijini huandikwa hata kwenye mifuko ya mchele ambao haujawahi kuiona Kyela. Ukiwa huku, nenda kwenye mashine za kukoboa, mjini Kyela au Ipinda, uone mpunga unavyoingia na mchele unavyotoka. Chukua kiganja kimoja, uupulizie pumzi ya moto, kisha unuse: harufu yake haijifichi. Angalia pia chenga na mawe.

Baada ya mavuno, kuanzia kama Mei na kuendelea, uliza kama ni mchele mpya. Mpya unataka maji machache, ukizidisha unakuwa bokoboko. Nunua kwa kilo kwenye mizani au kwa debe lililosawazishwa. Magunia ya lumbesa yaache: ni kinyume cha sheria, na anayeumia ni mkulima.

5. Kwa samaki, mjue unayemtaka

Dagaa wa huku anaitwa usipa. Ni wa Ziwa Nyasa hasa, si yule wa Victoria wala wa Tanganyika. Mkavu mzuri ana rangi ya fedha, hukatika ukimkunja na hana mchanga. Huuzwa kwa sado. Omba kuonja mmoja, muuzaji anayejiamini hakatai.

Mbasa ndiye fahari ya meza: mrefu, mweupe, mtamu sana akichomwa. Lakini mvua zikinyesha hupanda mito kwenda kutaga, na akivuliwa hapo anaondoka na kizazi chake chote. Ukiona mwenye mayai msimu huo, mwache ukachague samaki mwingine.

6. Kokoa ni ya kuona na kuonja

Kyela inaongoza Tanzania kwa kokoa. Njiani utaona mikokoa chini ya vivuli vya migomba na punje zimeanikwa juani mbele ya nyumba. Punje kavu usizinunue vichochoroni: wakulima huziuza kupitia vyama vyao vya msingi, AMCOS, kwa mnada wa stakabadhi ghalani, na njia za panya huwanyima bei ya ushindani. Badala yake omba tunda bichi lililoiva, lipasue, unyonye ule ute mweupe unaofunika punje. Ni mtamu wenye uchachu kidogo, na watoto wanaupenda sana.

7. Kasumulu nenda na akili ya mpakani

Hapa ndipo barabara ya kutoka Tukuyu inapoikuta Malawi, na biashara ya pande mbili hukutana: vitenge, nafaka, sabuni, maharage. Kutazama na kununua upande wetu hakuhitaji makaratasi. Ukitaka kuvuka daraja la Songwe, pitia Uhamiaji. Kwacha zako badilisha benki au kwenye duka lenye leseni, na anayekufuata na bunda la noti mkononi mkatalie kwa upole.

8. Salamu kwanza, bei baadaye

Kwa Wanyakyusa, kuuliza bei kabla ya kusalimia ni utovu wa adabu. Sema "Ugonile", na kwa mtu mzima au kundi "Mwagonile". Shukuru kwa "Ndaga". "Shikamoo mama" nayo inafanya kazi yake vizuri. Baada ya hapo punguziana bei kwa kucheka, na ukinunua mafungu mawili ya ndizi au matunda, omba nyongeza bila aibu. Ni desturi.

Kwenye chungu, hata hivyo, usimkabe mfinyanzi hadi senti ya mwisho. Nyuma ya bei hiyo kuna udongo uliochimbwa, kukandwa, kufinyangwa, kukaushwa na kuchomwa, na vingine vimepasukia motoni kabla ya kukufikia. Sufuria na ndoo za plastiki zimeshachukua sehemu kubwa ya jiko letu. Kazi hii itaendelea iwapo tu binti wa Kikisi ataona ya mama yake inalipa, na sokoni ndipo anapoliona hilo. Kwa hiyo ukienda Lyulilo, nunua viwili: kimoja cha kupikia maharage nyumbani, kingine cha zawadi. Na atakayekuuliza umekipata wapi, mtajie kijiji na siku.