Kona ya Dada: Buibui Juu ya Parachichi

Mdogo wangu wa Minneapolis, barua yako nimeisoma. Tarehe 31 Oktoba kazini kwenu kuna sherehe ya Halloween, kila mtu anakuja na sahani yake, na wewe umepangiwa dipu ya matabaka ambayo hujawahi hata kuionja. Tulia. Hicho ni chakula cha Texas chenye asili ya Mexico, na ukikichambua utakuta maharage, parachichi na kachumbari. Kigeni kwako ni mpangilio tu.

Tafuta bakuli la kioo la mstatili, la sentimita 23 kwa 33 hivi. Liwe la kioo kweli, maana matabaka yasipoonekana ubavuni umejisumbua bure.

Chini kabisa hukaa maharage. Ukiamua kununua yaliyopondwa ya kopo, chukua mawili ya gramu 450, lakini kabla hujalipa soma maandishi madogo: aina nyingine huungwa kwa mafuta ya nguruwe, na huenda mezani mna Waislamu wenzako. Mimi ningechemsha yangu, nikayaunga kwa kitunguu, saumu na bizari nyembamba, kisha nikayaponda hadi yapakike kama siagi. Yakiwa makavu yatavunja chipsi za mahindi za kuchotea. Yapoe kabisa, la sivyo krimu itageuka maji.

Juu yake paka krimu chachu, vikombe viwili hivi. Mtindi mzito uliochujwa nao unafaa. Fuatisha jibini ya cheddar ya rangi ya chungwa, uikwangue mwenyewe. Rangi hiyo na weusi wa zeituni ndiyo Halloween yenyewe, kwa hiyo vidole vya plastiki na macho ya kubandika waachie wengine. Mpaka hapo unaweza kufanya usiku wa kuamkia sherehe, ukaweka kwenye friji.

Parachichi ndilo lenye deko. Ponda manne siku yenyewe, utie chumvi na ndimu. Ndimu huchelewesha ukahawia, haiuzuii. Hewa ndiyo adui. Ukishatandaza, lalisha nailoni ya jikoni juu ya parachichi lenyewe, isielee juu ya bakuli na kuacha nafasi.

Utando wa buibui uchore ukishafika kazini. Tia krimu kidogo kwenye mfuko wa plastiki, kata ncha ya kona moja, tena kidogo sana. Vuta mistari kutoka katikati kwenda pembeni, kisha iunganishe kwa vipinde vinavyobonyea kuelekea katikati. Wapo wanaochora miduara na kuikokota kwa kijiti cha meno, lakini kijiti hulichimba parachichi.

Kwa buibui, pasua zeituni nyeusi isiyo na kokwa kwa urefu. Nusu moja ni mwili. Nusu ya pili ikate vipande vyembamba, vinne kila upande. Mmoja anatosha. Na kama imani yako haikuruhusu mambo ya Halloween, mwache huyo buibui nyumbani, dipu itabaki dipu.

Kachumbari iende mwisho, pembezoni tu, pamoja na majani ya vitunguu. Nyanya toa mbegu, tia chumvi, acha kwenye chujio robo saa. Ukipuuza hilo, maji yatashuka yakutane na krimu, na kioo chako kitaonyesha tope.

Chipsi za mahindi chukua zile nene, ukazipange pembeni ya bakuli. Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri vyakula vya namna hii visikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Sherehe ikiwa ndefu, gawanya dipu kwenye mabakuli mawili madogo, moja lisubiri kwenye baridi. Na weka kijiko kirefu kinachofika chini, umwonyeshe mtu wa kwanza kuchota hadi kwenye maharage. Wakianza kukwangua juu juu, watakaochelewa kutoka zamu watakuta maharage matupu.