Mali Bila Daftari: Mwongozo wa Kutuma Vifurushi vya Thamani Ng'ambo kutoka Niboye

Mwongozo huu ni wa mafundi, wafanyabiashara wadogo na waajiriwa wa Niboye, wilayani Kicukiro, wanaotuma kazi za mikono, vifaa au nyaraka kwa wateja na jamaa walioko ng'ambo. Niboye haiko mbali na milango ya mizigo. Uwanja wa ndege wa Kanombe uko katika wilaya hiyohiyo, na bandari kavu ya Masaka, iliyofunguliwa mwaka 2019, nayo iko Kicukiro. Lakini ukaribu hauzuii chungu kuvunjika. Kifurushi hulindwa na mambo mawili: jinsi kilivyofungwa na jinsi kilivyoandikwa. Wengi hujitahidi katika la kwanza na kulegea katika la pili.

1. Chagua njia kwanza

Posta ya Rwanda, Iposita, hufaa kwa vitu vidogo. Pakiti ndogo ya posta mwisho wake ni kilo 2. Zaidi ya hapo mzigo huhesabiwa kuwa kifurushi. Omba huduma yenye namba ya ufuatiliaji: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha RW mwishoni. Stakabadhi isiyo na namba hiyo haikusaidii kukisaka kifurushi kikishavuka mpaka.

Kampuni za usafirishaji wa haraka ni ghali zaidi, ila mzigo hupita katika mikono michache. Zinafaa kwa kitu kimoja cha thamani au chenye tarehe ya mwisho.

Njia ya meli ni ya mzigo mkubwa. Kutoka Kigali, kontena husafiri kwa lori hadi Dar es Salaam kupitia Rusumo, au hadi Mombasa kupitia Uganda. Kote ni zaidi ya kilomita 1,400 kabla ya kuiona bahari. Mtikisiko wa barabara na unyevu wa baharini si rafiki wa vyombo vya udongo wala karatasi.

Kumpa mzigo msafiri unayemfahamu ni desturi yetu, na kwa kitu kidogo si vibaya. Mpe kikiwa wazi, akione, akifunge mwenyewe. Uwanjani ataulizwa nani alifunga begi lake, na jibu lake liwe la kweli.

2. Pima ukubwa, usipime kilo tu

Kampuni nyingi za haraka hutoza kwa uzito au kwa ukubwa, kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kanuni yao ya kawaida ni hii: zidisha urefu kwa upana kwa kimo, vyote kwa sentimita, kisha gawanya kwa 5,000. Boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 30 linatoa 60,000. Ukigawanya, unapata kilo 12. Hata kama ndani mna vikapu vya kilo 3, utalipia kilo 12. Fanya hesabu hii kabla ya kumtajia mteja bei.

3. Funga kulingana na udhaifu wa kitu

Tuchukue picha ya imigongo. Mistari yake iliyoinuka hufinyangwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu juu ya ubao, kisha hupakwa rangi, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Asili ya kazi hii ni Gisaka, upande wa Kirehe ya leo. Ubao wenyewe hauvunjiki kirahisi. Kinachobanduka ni ncha za mistari, na hubanduka pale zinapogandamizwa. Kwa hiyo shabaha si kuibana picha, bali kuhakikisha hakuna kinachoegemea uso wake.

a) Hakikisha rangi imekauka kabisa.
b) Funika uso kwa karatasi laini isiyo na maandishi. Wino wa gazeti huhamia kwenye rangi nyeupe.
c) Kwenye pembe nne, weka vipande vya kadibodi iliyokunjwa, vinene kuliko mistari kwa sentimita moja hivi.
d) Laza kadibodi ngumu juu na nyingine chini, ziegemee zile pembe. Picha ikae katikati kama kitabu ndani ya majalada yake, kisha zungushia tepu.
e) Iweke katika boksi jipya la kadibodi ya tabaka mbili. Acha sentimita 5 kila upande na ujaze nafasi hiyo kwa karatasi iliyofinyangwa.
f) Tikisa. Ukihisi kitu kinasogea, fungua, jaza tena.
g) Piga tepu pana kwa umbo la herufi H, juu na chini.

Vyungu na vikombe hufungwa kimoja kimoja, na matumbo yake hujazwa karatasi. Sahani zisimame kwa ukingo, zisilazwe. Zikilazwa, ya chini hubeba uzito wa zote. Kwa kilicho dhaifu sana, tumia boksi ndani ya boksi, na karatasi katikati.

Usijazie kwa mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, na sheria ya 2019 ikaongeza vifaa vya plastiki vya kutumika mara moja. Wala usikimbilie nyasi au majani makavu ya ndizi: wakaguzi wa mimea katika nchi nyingi huvizuia vitu hivyo kwa kuhofia wadudu. Karatasi na kadibodi zinatosha. Ukitumia kreti la mbao, mbao ziwe zimepashwa joto la nyuzi 56 hadi kiini kwa dakika 30 na kugongwa mhuri wa kimataifa unaothibitisha hivyo.

Alama ya glasi ubavuni ibandike, lakini usiitegemee. Mkanda wa mashine hausomi. Funga ukijua kwamba boksi litaanguka kutoka urefu wa kiuno.

4. Andika ukweli katika tamko la forodha

Kwa posta, fomu ni CN 22 ikiwa thamani haizidi SDR 300, yaani kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Zaidi ya hapo ni CN 23. Kampuni za haraka hudai ankara ya biashara. Usiandike "zawadi" au "sanaa" peke yake. Andika kitu kilivyo: "picha ya ukutani, ubao, samadi iliyokaushwa na rangi, kipande 1". Nchi zenye ulinzi mkali wa mimea na mifugo, kama Australia na New Zealand, zinaweza kuizuia picha ya namna hiyo; mwombe mteja aulize forodha ya kwao kabla hujapokea malipo.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Fundi anauza seti ya vikombe kwa dola 150, mteja anamwomba aandike dola 20 ili ushuru upungue, naye anakubali. Boksi likivunjika, anayedai 150 huonyeshwa karatasi yenye sahihi yake mwenyewe inayosema 20. Isitoshe, kupunguza thamani ni kosa la forodha, na mzigo unaweza kutaifishwa.

Badala ya kuficha, mweleze mpokeaji mapema atakacholipa. Umoja wa Ulaya umetoza kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa zote zinazoingia, hata ndogo, tangu tarehe 1 Julai 2021. Zawadi kati ya mtu na mtu husamehewa hadi euro 45. Kwa Uingereza kikomo cha zawadi ni pauni 39. Marekani ilisitisha msamaha wa dola 800 tarehe 29 Agosti 2025 na kuacha ule wa zawadi zisizozidi dola 100. Bidhaa iliyouzwa si zawadi, hata ukiifunga kwa utepe.

Anwani nayo iwe kamili: namba ya barabara (zetu za Kicukiro huanza na KK), sanduku la posta kama unalo, simu yenye 250 mwanzoni, na neno Rwanda. Weka nakala ya anwani zote mbili ndani ya boksi, endapo lebo ya nje itabanduka.

5. Usivyopaswa kuweka

Fedha taslimu haziwekwi ndani ya kifurushi. Betri za lithiamu zilizo peke yake, pamoja na zile za kuchajia simu, haziingii katika posta ya ndege. Zilizomo ndani ya kifaa zina masharti yake, kwa hiyo uliza kwanza. Pembe za ndovu na sehemu za wanyama waliolindwa zimefungwa na mkataba wa CITES wa 1973. Cheti halisi cha shule kisitumwe ikiwa nakala iliyothibitishwa inakubalika.

6. Jua fidia yako

Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, dhima ya shirika la ndege kwa mzigo ulioharibika au kupotea ina kikomo: SDR 26 kwa kilo tangu tarehe 28 Desemba 2024. Kamera ya kilo 2, hata iwe ya maelfu ya dola, kikomo chake ni SDR 52. Kuna njia mbili za kuvuka kikomo hicho: kutangaza thamani maalumu na kulipia nyongeza wakati wa kukabidhi mzigo, au kukata bima. Kabla ya kulipia bima, uliza swali moja: je, inalipa kitu kilichofungwa na mtumaji mwenyewe kikivunjika? Bima nyingi hazilipi zikibaini ufungaji haukutosha.

7. Kumbukumbu na madai

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Piga picha nne: kitu chenyewe, kikiwa kimefungwa nusu, boksi lililofungwa, na lebo. Hifadhi stakabadhi na ankara pamoja. Mwombe mpokeaji apige picha boksi kabla ya kulifungua, na asitupe chochote, hata karatasi za kujazia.

Kwa mzigo wa ndege, lalamiko la uharibifu hutolewa kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea. La kuchelewa, siku 21. Kwa begi la msafiri lililoharibika ni siku 7. Kwa posta, ulizio la kifurushi kisichofika hufunguliwa ndani ya miezi 6 tangu kutumwa. Muda ukipita, haki yako nayo imepita.

Kabla ya kubandika tepu ya mwisho, soma tena tamko lako. Siku ya madai hakuna atakayeuliza kitu kilikuwa na thamani gani. Utaulizwa uliandika nini.