SOMO LA UFUNDI: PLANI INAPOVUKA TOKA PROGRAMU MOJA KWENDA INGINE



Katika somo hili tunataka kusema juu ya jambo moja ambalo sisi wa seksio ya ujenzi tumejifunza kwa makosa yetu wenyewe. Wale wa seksio zingine wasiruke ukurasa huu. Siku moja kila mmoja wetu atalala ndani ya nyumba ambayo plani yake ilipita katika ordinatere, ndiyo kompyuta, na pengine ilipita katika mbili ao tatu mbele ya kufika kwa fundi.

Mambo yalikuwa hivi. Darasa la tano walipewa kazi ya kuchora nyumba ndogo ya mazoezi, yenye nguzo 8 za betoni. Kila nguzo ilikuwa na santimetre 20 kwa 40, na urefu wa metre 3. Walichora vizuri katika programu ya kuchora. Kisha faili ikatiwa katika flashi na kupewa darasa la sita, kusudi waihesabu katika programu ingine, ile ya kupima nguvu za nyumba. Programu ilifungua faili bila kulalamika. Nguzo 8 zikaonekana. Tukahesabu, tukapata majibu, tukafurahi, hata tukaanza kuandika raporo. Mwenzetu mmoja tu ndiye aliweka karatasi ya darasa la tano kando ya ekra, akauliza: "Sababu gani huku upande mpana wa nguzo unatazama barabara, na kule unatazama jikoni?"

Tukatazama sote. Ni kweli, nguzo zote 8 zilikuwa zimegeuka. Hakuna mtu aliyezigeuza. Ziligeuka njiani.

1. Je, kosa hili ni dogo?

Tuhesabu pamoja. Munajua kwamba nguvu ya nguzo ao putre ya kukataa kupinda inafuata hesabu hii: upana mara kimo mara kimo mara kimo, kisha kugawanya kwa 12. Kimo ni ule upande unaofuata njia ambayo nguzo inataka kupinda.

Nguzo iliyosimama sawa: 20 x 40 x 40 x 40 : 12 = karibu 106 667.
Nguzo iliyogeuka: 40 x 20 x 20 x 20 : 12 = karibu 26 667.

Ni kusema, nguzo ileile, simenti ileile, vyuma vilevile, lakini upande ule tuliotaka nguvu imebaki robo tu. Sasa muone hatari. Kama programu inahesabu nguzo zilizogeuka, na fundi anajenga zile za karatasi, basi hesabu ile si ya nyumba ile. Ni hesabu ya nyumba ingine ambayo haiko.

2. Sababu gani nguzo inageuka njiani?

Kila programu iko na namna yake ya kufikiri. Programu ya kuchora inaona mwili wa nguzo: pembe zake, rangi yake, mahali inapogusa dala. Programu ya mahesabu haioni mwili. Inaona mstari mmoja tu unaopita katikati, ndio akse, na kando ya mstari ule inaandika namba: upana, kimo, aina ya betoni. Lakini mstari hauna mbele wala ubavu. Basi njia ambayo nguzo inatazama inapashwa kuandikwa peke yake, kwa pembe ya digre. Kama programu ya pili haisomi namba ile, ao inaanza kuhesabu digre toka upande mwingine, nguzo itageuka, na hakuna kengele itakayolia.

Tunaweza kufananisha na mkalimani katika mkutano. Mgeni anasema, mkalimani anatafsiri. Akikuta neno asilolijua, mkalimani mwaminifu anasimama na kuuliza. Lakini kuko wakalimani ambao wanaliruka neno na kuendelea, na watu wanaitika tu. Programu nyingi ziko sawa na yule wa pili. Kitu kisichojulikana kwao wanakiacha, mara nyingi bila kusema.

3. Aina za faili, na kile kila moja inabeba

Mbele ya kutuma, tunapashwa kujua tunatuma nini. Tutaje aina tatu.

a) PDF. Hii ni sawa na picha ya barua. Macho ya mtu yanaisoma vizuri, lakini programu ya mahesabu haijui kwamba mistari ile ni nguzo. Hata hivyo tusiidharau, kama mutakavyoona mbele.

b) DXF. Hii ilitokea mwaka 1982 pamoja na AutoCAD, kusudi plani iweze kutoka na kuingia katika programu zingine. Inabeba mistari, maduara, maandiko, na kalki, ndiyo yale majani ambayo juu yake tunatenga kuta, nguzo na maji. Faili ya DXF ya maandishi munaweza kuifungua kwa programu yoyote ya kuandika na kuisoma kwa macho. Mutakuta namba zinafuatana mbili mbili: 8 inatangulia jina la kalki, 10 na 20 zinatangulia mahali mstari unapoanza, 11 na 21 zinatangulia mahali unapoishia. Tena mwanzoni, penye jina $INSUNITS, imeandikwa kipimo: 4 ni milimetre, 5 ni santimetre, 6 ni metre, 1 ni inchi. Kama ni 0, mwenye kuchora hakusema kitu, na mwenye kupokea atabahatisha.

c) IFC. Hii ni ya shirika la buildingSMART, na toka mwaka 2013 toleo lake la 4 limekuwa kanuni ya ISO, namba 16739. Haisemi tu "mistari minne." Inasema: hii ni nguzo, hii ni putre, hii ni dala, na betoni yake ni ya namna hii. Ni kubwa kupita DXF kwa maana. Lakini IFC nayo iko na namna mbalimbali: ingine ni ya kutazama na kulinganisha tu, ingine ni ya mahesabu, yenye akse na mizigo. Mtu akiomba ya mahesabu, nawe ukamtumia ya kutazama, ataona nyumba nzuri kwenye ekra, lakini hataweza kuihesabu.

4. Makosa mane ya njiani

Kipimo. Putre ya metre 6 iliyochorwa kwa milimetre ni 6000. Programu ikidhani ni inchi, putre inakuwa metre 152 na zaidi. Kosa hili linachekesha, na kila mtu ataliona. Lile la kuogopa ni la mizigo. Tone moja ya mzigo ni karibu kilonyutoni 10. Ukiandika mzigo wa 2 kwa tone, na programu ikasoma kilonyutoni 2, mzigo umekuwa karibu sehemu moja ya kumi. Nyumba itaonekana kuwa na nguvu nyingi, na majibu yatapendeza.

Viungo. Mwenye kuchora anasimamisha putre kwenye uso wa nguzo, na ni haki yake, juu betoni inagusana pale. Lakini nguzo yetu ya 40 iko na akse yake santimetre 20 ndani. Basi mstari wa putre haufiki kwenye mstari wa nguzo. Kwa macho ya mahesabu, putre ile haikushikwa upande ule. Programu ikikataa kuhesabu, ni bahati. Lakini kama upande wa pili umeshikwa sana, itahesabu putre ile sawa balkoni, na itatoa majibu.

Upande wa kutazama. Hili tumelisema juu.

Nivo na mahali pa kuanzia. Kila plani iko na zero yake. Katika mji wa Laufenburg, mto Rhine unatenga Ujerumani na Uswisi. Walijenga daraja kati ya pande mbili. Wajerumani wanapima urefu wa inchi yao toka bahari ya Kaskazini, Waswisi toka bahari ya Mediterania, na zero zile mbili zinaachana santimetre 27. Wainjenieri walijua tofauti hiyo, tena waliitia katika hesabu. Lakini waliitia upande usio wake: pahali pa kuondoa waliongeza. Mwaka 2003 wakagundua kwamba pande mbili zinaachana santimetre 54, na ilikuwa lazima kurekebisha upande wa Ujerumani. Muone vizuri: hawakukosa akili, wala hawakukosa habari. Walikosa mtu wa kupima jambo lile mara ya pili, toka ngambo ya pili.

5. Basi tufanye namna gani?

Kwanza, tuulize mbele ya kutuma: "Unataka faili kwa kutazama, kwa kuchora, ao kwa kuhesabu?" Jibu ndilo linachagua aina ya faili.

Pili, tusikilizane juu ya kipimo, zero na nivo, na tuviandike kwa barua, si kwa mdomo tu.

Tatu, tutume kwanza kitu kidogo: nguzo moja na putre moja. Zikifika sawa, tutume nyumba yote.

Nne, kila mara tutume PDF pamoja na faili. Ile picha tuliyotaka kuidharau ndiyo shahidi wetu. Ni karatasi ya darasa la tano iliyotuokoa, si programu.

Tano, mwenye kupokea apime. Ahesabu nguzo: ziko 8? Apime umbali mmoja anaoujua. Atafute uzito: nguzo moja ni 0,20 x 0,40 x 3 = 0,24 metre kube, nguzo 8 ni 1,92, na kwa kilo 2500 kila metre kube tunapata kilo 4800. Kama programu inasema ingine, kitu kimepotea ao kimeongezeka.

Lakini hapa tuangalie sana. Nguzo zetu zilizogeuka zilikuwa 8. Uzito wake ulikuwa kilo 4800 sawasawa. Kama tungehesabu tu, tungesema mambo yote iko muzuri. Kwa hiyo hesabu peke yake haitoshi. Inapashwa mtu atazame kila upande, na karatasi mkononi, na asione haya kuuliza ulizo ambalo wengine wanaliona la kitoto.

Sita, tulinde faili ya kwanza bila kuigusa, na kila faili tunayotuma iandikwe tarehe na namba. Plani ikibadilika, wote wawili wajue ni ipi ya mwisho.

Wengine watauliza: "Sisi tuko wapi na programu za bei kali?" FreeCAD inapatikana bila kulipa hata franga, nayo inasoma DXF na IFC. Hata mwenye ordinatere moja ya zamani anaweza kujizoeza na mambo haya.

Wapenzi, tumezoea kusema "ni ordinatere iliyosema." Ordinatere haijengi nyumba, wala haitalala ndani. Yule anayetuma plani bado ni mwenye plani mpaka ajue imefika sawa. Na yule anayepokea, siku anapoweka sahihi yake, nguzo zile zimekuwa zake.

MAULIZO YA KUJIZOEZA

1. Nguzo ya santimetre 20 kwa 60 imegeuka njiani. Nguvu yake ya kukataa kupinda imepungua mara ngapi?
2. Faili ya DXF ilichorwa kwa santimetre, lakini penye $INSUNITS pameandikwa 4. Nguzo ya metre 3 itaonekana na urefu gani?
3. Taja kosa moja ambalo uzito unaweza kulionyesha, na moja ambalo uzito hauwezi.
4. Chora putre moja na nguzo moja, kwanza kwa mwili, kisha kwa akse. Onyesha mahali ambapo mistari miwili inaweza kukosana.

Majibu yaletwe kwa mwalimu wa ujenzi. Kila mmoja abadilishane kaye na mwenzake mbele ya kuleta, na mwenzake apime upya.