Dondoo Muhimu: Kanuni za Awali za Sarufi ya Kiingereza

Kwa kuwa makosa mengi ya mwanafunzi wetu hayatokani na uvivu, bali na kuifuata tabia ya lugha aliyolelewa nayo, yampasa ayatahadhari haya tangu siku ya kwanza:

1. Tambua jinsia kabla ya kunena, kwani "yeye" wetu huwachukua mume na mke pamoja, ilhali Mwingereza hutenga "he" na "she".

2. Usiache "a" wala "the", ambazo Kiswahili hakina: "a book" ni kitabu chochote, na "the book" ni kile mlichokwisha kukitaja.

3. Tia "s" katika kitendo cha sasa cha mtu mmoja anayesimuliwa: "she reads".

4. Ukitanguliza "did", kirejeshe kitendo katika asili yake, useme "did he go?", wala si "did he went?", maana wakati uliopita umekwisha kubebwa na "did".

5. Jihadhari mno na swali la kukanusha, ambalo huwaponza hata mahodari: ukiulizwa "Haven't you eaten?", nawe hujala, ulimi utakusukuma useme "yes", kama tusemavyo "ndiyo, sijala", na mwenyeji wako atafahamu kuwa umeshiba; jibu "No, I haven't".

6. Usiongeze "s" kwenye "information", "advice" wala "furniture".

Andika sentensi tano kila jioni, umpelekee mwalimu azisahihishe, wala usione haya.