Picha kutoka juu ya mnara

Katika mji wa Leuven, nchi ya Ubelgiji, kuna nyumba kubwa ya vitabu, yaani maktaba ya chuo kikuu. Juu yake umesimama mnara mrefu wenye saa na kengele 63. Wageni wanaruhusiwa kupanda mpaka roshani ya juu. Vidato vyake ni karibu 300.

Siku moja mtoto wa Kongo alifika pale pamoja na mjomba wake. Kwanza waliingia katika chumba cha kusomea. Wasomaji walikuwa wameinamia vitabu, wala hapakusikika sauti. Mtoto akatoa chombo chake cha kupigia picha. Mjomba akamshika mkono, akamnong'oneza: «Weka kwanza. Hapa watu wanafanya kazi. Picha tutapiga juu.»

Wakapanda. Ndani ya mnara waliona picha za zamani zimetundikwa. Moja ilionyesha kuta zilizoungua, hazina dari. Mtoto akauliza: «Mjomba, ni nyumba gani hii?»

«Ni maktaba ya kwanza ya mji huu. Mwezi wa Agosti 1914, wakati wa vita, askari Wajerumani waliichoma moto. Vitabu zaidi ya 200.000 viliteketea, pamoja na vingine vilivyoandikwa kwa mkono zamani sana. Baada ya vita watu wa Marekani walichanga fedha, hata wanafunzi, na nyumba hii mpya ikafunguliwa mwaka 1928. Majina ya shule nyingi zilizochanga yamechongwa katika mawe yake. Lakini mwezi wa Mei 1940, katika vita ya pili, nayo iliungua. Vitabu karibu 900.000 vikapotea. Wakaijenga tena.»

«Na maneno ya vitabu vile, je, picha zimeyahifadhi?»

«La. Picha inatuonyesha jinsi ukuta ulivyokuwa. Kitabu kilichokuwa kimoja tu duniani, kikiungua, maneno yake hayarudi.»

Mtoto akanyamaza. Wakaendelea kupanda.

Kwenye roshani upepo ulivuma. Chini walionekana watu wadogo kama siafu. Katikati ya uwanja palikuwa na sanamu ya mdudu wa kijani juu ya sindano ya chuma yenye urefu wa meta 23. Mtoto akafurahi mno. Akakanyaga jiwe, akainama nje ya ukuta ili ampige picha vizuri. Mara mjomba akamkamata shati.

«Shuka! Chombo kikianguka kutoka hapa, kitamwua apitaye chini. Na ukianguka wewe, nitamwambia nini dada yangu, mama yako?»

Mtoto akaona haya, akashuka. Kisha mjomba akamfundisha kwa upole: «Vaa kamba ya chombo shingoni. Simama kwa miguu miwili, usiegemee nje. Jua liwe nyuma yako. Bana viwiko ubavuni, ili mkono usitetemeke. Ndipo ubonyeze.»

Mtoto akafanya hivyo. Akapiga uwanja, mapaa ya nyumba na kanisa la Mtakatifu Petro. Akataka kuondoka, lakini mjomba akampa kalamu: «Andika katika daftari tarehe, mahali, na vitu vinavyoonekana. Picha isiyo na maandiko, baada ya miaka hakuna aijuaye.»

Basi mtoto akaandika. Mwishoni akaongeza: «Maktaba hii iliungua mara mbili. Leo imesimama.»

Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maulizo
1. Kwa nini mtoto hakupiga picha katika chumba cha kusomea?
2. Maktaba ya kwanza iliungua mwaka gani? Na nyumba mpya?
3. Ni hatari gani mbili alizozitaja mjomba kwenye roshani?
4. Picha inahifadhi nini? Kitabu kinahifadhi nini?