KUPIGA PICHA ZA NDEGE KATIKA MSITU WA MAGAMBA

Mtu asikiapo habari za kupiga picha za ndege, mara hufikiri juu ya Ziwa Manyara, ambako heroe husimama majini mchana kweupe. Hapa kwetu Magamba, juu ya mji wa Lushoto, kazi ni ngumu zaidi, nayo ina mafunzo yake. Muhula huu wanafunzi kumi na wawili nami tulishinda humo kutwa pamoja na mlinzi wa msitu, tukiwa na kamera mbili na darubini moja.

Jambo la kwanza ni mwanga. Chini ya miti mirefu mwanga ni haba. Ndege akiruka, sharti kamera ifunguke kwa muda wa 1/500 ya sekunde, ama sivyo mabawa yatatoka kama moshi. Lakini muda huo huingiza mwanga kiasi cha sehemu moja katika nane ya ule uingiao kwa 1/60. Kwa hiyo ndani ya msitu tuliwapiga picha ndege waliotua, kamera tumeiegemeza shinani. Warukao tuliwangoja penye uwazi. Huko tulimpata shorobo. Akitua ni kijani kama majani, akifungua mabawa huonekana mwekundu. Wekundu ule una madini ya shaba ndani yake.

Jambo la pili ni subira. Ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, walioanza kazi hii katika miaka ya 1890, walitengeneza ng'ombe wa bandia wakajificha ndani yake. Sisi tulikaa kimya karibu na kijito, na baada ya muda ndege walituzoea.

Jambo la tatu ndilo kubwa. Mwanafunzi mmoja aliona kiota nyuma ya majani.

"Mwalimu, nikate tawi hili moja tu, mwanga uingie?"

Mlinzi akamjibu, "Hapana, mwanangu. Tawi hilo ndilo paa lao, tena ndilo linalowaficha wasionwe na nyoka wala kipanga. Na sisi tukizidi kukaa hapa, mama hatarudi, mayai yatapoa."

Tukaondoka bila picha.

Yafaa kila mmoja aijue sababu. Katika misitu hii yumo ndege mdogo wa kahawia ambaye wataalamu humwita Sheppardia montana. Alielezwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1907, naye huishi Usambara ya Magharibi tu, wala hapatikani penginepo duniani. Akitoweka hapa, ametoweka kabisa. Tulimwona mara moja kwa darubini, picha yake hatukuipata.

Watakaokwenda muhula ujao na wavae nguo zisizong'aa, wafike alfajiri, wasikate jani, na kila picha waiandikie tarehe, saa na mahali. Picha isiyo na maandishi hayo hupendeza macho, lakini haimfundishi atakayekuja baadaye.