Jina Kama Ushahidi: Minara ya Watawa katika Bonde la Glendalough

Bonde la Glendalough limo katika milima ya Wicklow nchini Ayalandi, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa jiji la Dublin. Jina lenyewe ni la Kiayalandi, Gleann Dá Loch, yaani Bonde la Maziwa Mawili. Katika lugha hiyo namba hutangulia nomino, kinyume na ilivyo katika Kiswahili. Katika karne ya 6 mtawa aliyeitwa Kevin aliingia humo kutafuta upweke. Upweke huo haukudumu, kwani wafuasi walimwandama hadi bondeni na makao yakakua. Kufikia mwaka 1111 Glendalough ilikuwa imetambuliwa kuwa makao ya askofu. Mwaka 1398 majeshi ya Waingereza yaliyateketeza makao hayo, ingawa mahujaji hawakukoma kuja.

Mgeni huingia kupitia lango la mawe lenye matao mawili. Ndani ya lango, ukutani, pana bamba la jiwe lililochongwa msalaba: aliyekimbilia hapo alihesabiwa kuwa katika himaya ya watawa. Mbele yake kuna makaburi, kuta za kanisa kuu lisilo na paa, na kanisa dogo ambalo paa lake la mawe lingali imara. Huko juu, kando ya ziwa la pili, watu ni wachache na ukimya ni mzito zaidi. Katika jabali lililo juu ya maji mna pango dogo linaloitwa Kitanda cha Kevin. Hata hivyo, kinacholivuta jicho kuliko vyote ni mnara wa duara wenye urefu wa mita 30 hivi, ambao mlango wake uko mita tatu na nusu kutoka ardhini.

Mnara wa aina hii, ambao mifano yake imetapakaa kote nchini Ayalandi, ulizua mgogoro mkubwa wa kitaaluma. Nani aliujenga? Katika karne ya 18 Charles Vallancey, mwanajeshi mhandisi wa Uingereza, aliihusisha minara hiyo na Wafoinike na ibada ya moto. Wengine waliwapa Wadenmaki sifa hiyo. Kila mgeni wa mbali alifikiriwa isipokuwa wenyeji. Dhana hizi zilikuwa na uzito wa kisiasa, maadamu taifa lililotawaliwa lilikuwa likiambiwa kwamba hata mawe yake si yake.

Jibu lilitoka katika lugha. George Petrie, katika insha aliyoiwasilisha mwaka 1833 na kuichapisha kwa upana mwaka 1845, alirejelea kumbukumbu za kale za Kiayalandi. Humo mnara huitwa cloigtheach: clog ni kengele, teach ni nyumba. Ni nomino ambatano iliyo wazi kabisa, nyumba ya kengele. Kumbukumbu hizo zinaeleza kwamba mwaka 950 wageni wa Dublin, yaani Waskandinavia, waliuchoma mnara wa Slane pamoja na watu na vitu vitakatifu vilivyokuwamo. Basi hao waliodhaniwa kuwa wajenzi wanaonekana hapa wakiwa wachomaji!

Tukio la Slane linatia shaka pia maelezo yanayopendwa na wengi, kwamba mlango uliinuliwa ili mnara uwe ngome. Mnara mrefu wenye sakafu za mbao, ukishika moto chini, hugeuka dohani. Huenda sababu ya kiujenzi ina nguvu zaidi: msingi wa minara hii ni wa kina kifupi, na tundu la mlango likiwekwa chini kabisa hudhoofisha shina.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hawezi kuusoma mgogoro huu bila kuwakumbuka wale waliosema kwamba magofu ya Gede na miji mingine ya Waswahili ni kazi ya Waarabu na Waajemi. Uchimbaji wa Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980 ulionyesha misikiti ya mawe ikiwa imejengwa juu ya ile ya miti na udongo, hatua kwa hatua, mahali pale pale. Tofauti ni kwamba Petrie alianzia kwenye neno, ilhali Shanga ushahidi ulitoka mchangani.

Paa la mnara wa Glendalough, lenye umbo la pia, lilijengwa upya mwaka 1876 kwa mawe yake ya asili. Chini ya paa hilo mna madirisha manne madogo, kila moja likielekea upande wake wa dunia. Inaaminika kwamba kengele ya mkono ilipigwa hapo, kuwaita watawa waliotawanyika mashambani na kandokando ya maziwa.